Saba Inaua Mfalme

"Nimemuua! Feli, njoo uone, nimemuua mtu wa watu!"

Goreti aliruka kwenye kiti mpaka wateja waliokuwa wanasubiri kompyuta wakageuka. Kwenye skrini karata zilikuwa zimefunuliwa. Yeye alikuwa na saba mbili, kopa na shupaza. Mpinzani wake, mtu asiyemjua wa nchi asiyoijua, alikuwa na wafalme wawili. Ilikuwa meza ya mwisho ya mashindano ya poka ya mtandaoni, yale ya pointi za bure. Watu mia mbili walishatolewa, wamebaki wao wawili tu.

Mara pointi zote zikahamia kwa yule wa wafalme, na jina la Goreti likafutika.

"Wameniibia," akasema.

Felisian, kijana wa Nandagala aliyekuwa akiendesha kile chumba cha intaneti hapo Nachingwea mjini, akaja, akainama, akaangalia. Kisha akacheka, na kicheko hicho ndicho kilichoharibu kila kitu.

"Goreti, mfalme anaishinda saba."

"Wapi?"

"Kwenye poka."

"Si wewe uliyenifundisha? Ulisema jozi kubwa inaua jozi ndogo. Haya, saba na mfalme, kubwa ipi?"

Kwenye karata wanazocheza watu wa huku tangu wangali watoto, saba hupitwa na ree peke yake, ile karata ya moja. Mfalme yuko chini huko. Mzee Kipriani, baba yake Goreti, alivuka kutoka Msumbiji na pakiti ya karata mfukoni, na kwa karata hizo alimfundisha bintiye kuhesabu kabla hajaenda shule. Felisian alipomfundisha Goreti poka hakukumbuka kumwambia kwamba Ulaya saba ni karata ya hivi hivi tu. Na bahati ilivyo, saba hazikuwahi kumletea ubishi mpaka siku ile.

"Wana huduma kwa wateja?" Goreti akauliza.

"Wanayo, lakini..."

"Waandikie malalamiko kwa Kiingereza chako hicho. Na uweke jina langu lote. Goreti Kipriani, fundi cherehani, Mtua."

"Goreti, watu wanatusikia."

"Wasikie. Mimi sijaiba."

"Sawa. Nitaandika jioni."

Ilikuwa Jumamosi. Jumapili ya wiki iliyofuata mshenga wa Felisian alikuwa afike kijijini Mtua kwa Mzee Kipriani, na gauni la siku hiyo Goreti alishalikata. Alimpenda Felisian, tena alimpenda waziwazi, bila kujificha kwa mtu.

Jumatano saa nne asubuhi simu yake ikalia ujumbe.

"Wamejibu sasa hivi mpenzi. Wamekagua mkono wote wa karata, wanasema uamuzi ni wa haki. Pole. Tusahau."

Goreti aliusoma mara tatu. Kushindwa si neno, lakini jibu lenye jina lake alitaka kuliona kwa macho yake. Akafunika cherehani, akapanda baiskeli.

Mjini, kwenye mashine ya kusaga, akakuta ndoo za mahindi zimepangwa foleni na mashine iko kimya.

"Dada Mwamina, kulikoni?" akamuuliza muuza maandazi wa pale.

"Umeme, mdogo wangu. Transfoma imeungua tangu jana alfajiri. Mji mzima hakuna hata pasi inayopata moto."

Goreti akasimama pale kidogo, mguu mmoja juu ya pedeli. Kisha akakanyaga kuelekea chumba cha intaneti.

Felisian alikuwa amekaa kizingitini, anajipepea kwa kalenda. Alipomwona akanyanyuka upesi.

"Nionyeshe jibu," Goreti akasema.

"Umeme hakuna, mpenzi, mpaka..."

"Umeme umekatika jana. Jibu limekuja leo, na simu yako ni ya vitufe, haina intaneti. Limekuja kwa baiskeli?"

Felisian akaangalia viatu vyake.

"Sikutuma," akasema.

"Jibu ulitunga?"

"Nilitunga."

"Kwa nini?"

"Wangetucheka, Goreti. Mtu unaandika mpaka Ulaya kudai saba inaua mfalme! Wangesema hawa watu wametoka wapi?"

"Kwenu Nandagala saba inaua nini?"

"Goreti..."

"Inaua nini?"

"Mfalme."

"Nani alikufundisha?"

"Mama."

"Basi umemwonea aibu mama yako, umemwonea aibu baba yangu, na mimi umenifungia uvunguni. Ungeniambia nimeshindwa, ningekubali. Mtu anayenionea aibu simkubali. Mwambie mshenga wako apumzike."

Alilia njiani, tena alilia sana, lakini alihakikisha kwanza ameipita nyumba ya mwisho ya mji.

Nyumbani baba yake akamuuliza, "Mshenga vipi?"

"Haji, Baba. Nimekataa mimi."

"Kwa ajili ya karata?"

"Kwa ajili ya aibu yake."

Mzee Kipriani akamsogezea sahani, akasema, "Sawa. Kula kwanza."

Meseji zilikuja. "Nisamehe." "Umeme umerudi, nimeituma barua kweli." "Goreti, pokea simu." Hakujibu hata moja. Jumapili ya mshenga ikapita kavu, na lile gauni likabaki limekatwa, halijashonwa.

Siku ya kumi Felisian akaingia uani na karatasi mkononi, vumbi mpaka kwenye nyusi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mwenye neno na wewe yuko kwenye cherehani."

Goreti hakuacha kushona. "Soma, uende."

Felisian akasoma, anatafsiri neno kwa neno. Kwanza yale aliyoandika yeye:

"Mimi ndiye niliyemfundisha Goreti Kipriani, na sikumwambia kwamba kwenu saba ni ndogo. Kwao Mtua na kwetu Nandagala saba inaua mfalme. Nilimcheka mbele za watu, na kosa lilikuwa langu. Tunaomba mkono huu uangaliwe tena."

Cherehani ikapunguza mwendo.

"Na wao?"

"Wanasema: Ndugu Goreti Kipriani, tumeukagua mkono wako. Kwa sheria za poka mfalme ni mkubwa, kwa hiyo uamuzi unabaki. Ila humu ofisini hakuna aliyewahi kusikia mchezo wenu, na tumeujadili mchana kutwa. Tafadhali tueleze, unachezwaje?"

Cherehani ikanyamaza kabisa.

"Wanauliza?" Mzee Kipriani akasema kutoka barazani. "Wao ndio wanatuuliza sisi?"

"Ndiyo, mzee."

Mzee akavuta shingo kama jogoo, akaingia ndani kutafuta karata zake.

Goreti akanyoosha mkono, akaichukua ile karatasi. Kiingereza chake kilikuwa cha kidato cha nne, lakini majina hayahitaji Kiingereza. Chini ya malalamiko kulikuwa na jina lake lote, na ufundi wake, na Mtua yake. Chini yake kulikuwa na jina jingine, na neno moja alilolijua vizuri.

"Hapa umeandika Felisian, mchumba wake."

"Ndiyo."

"Barua hii uliituma lini?"

"Alhamisi."

"Mimi nilikufukuza Jumatano."

"Najua. Nilishafukuzwa wakati naandika."

Goreti akaikunja karatasi taratibu, akaiweka kwenye droo ya cherehani, akaifunga. Alijizuia asicheke, akashindwa.

"Sasa watu wameshasoma mpaka Ulaya," akasema. "Unataka waone watu wa Mtua waongo?"

"Hapana."

"Basi mlete mshenga Jumapili. Na usichelewe, Baba anataka kukuona unacheza. Ukimtolea mfalme, ana saba mkononi."

Felisian akatoka uani anatembea kinyumenyume, anamtazama, mpaka akagonga mgongo kwenye baiskeli yake mwenyewe. Goreti akavuta lile gauni lililokatwa, akatunga uzi kwenye sindano, akaanza kulishona.