Tai wa Kofia ya Askari

Harufu ilianzia kwenye khanga ambayo Shufaa alikuwa ameianua kambani dakika ile ile. Ilinuka sufu iliyoloa na jasho la mwanamume, na mwanamume huyo hakuwa Dawood, mumewe.

Kosa alikuwa amelifanya asubuhi. Dawood, mwenye duka la vitambaa pale Iringa, alikuwa na ugonjwa wa kukusanya nembo za kofia za kijeshi, za enzi Wajerumani walipopigana na Wahehe. Ya karibuni, tai wa shaba, ilichimbuliwa shambani na mkulima wa nyanya wa Ilula. Toka siku hiyo Dawood alikula akimtazama tai, akalala akimuwaza. Binti yao Afroz alikuwa chuo Mbeya; Shufaa alibaki kuongea na kuta. Wivu ukampanda. Alijua fika nembo hizo hazisuguliwi, maana ile kutu ya kijani ndiyo ushahidi wa umri wake. Akachukua ndimu na majivu, akaisugua ile ya tai mpaka ikang'aa.

Hakujua kwamba mlikuwa na jini ndani, na kwamba jini huyo alikuwa hajaguswa na mkono wa mwanamke kwa zaidi ya miaka mia moja.

Mchana Dawood akaiona. Akacheka.

"Mama Afroz, kumbe unakionea wivu chuma?"

Akamshika mkono. Papo hapo ile harufu ikajaa sebule, viatu vizito vikaanza kukanyaga ukumbini bila mtu, na kwenye paji la Dawood ukatokea mstari mwekundu uliozunguka kichwa kizima, kama alama ya kofia inayobana, ukazidi kuzama, macho yakamtoka, damu ikamchuruzika puani, na viatu havikusimama mpaka Shufaa alipouachia mkono wake.

Nembo ikatupwa Mto Ruaha. Sheikh Abdulkarim akawasomea dua siku tatu, mwishowe akamwita Shufaa pembeni.

"Hayumo kwenye shaba tena, mwanangu," alinong'ona. "Amekuchukua wewe uwe mkewe. Anasema atamuua mume wako."

"Na asipokuwa mume wangu?"

"Basi atamwacha," Sheikh alisema, akainamisha kichwa.

Dawood alikuwa amekaa kibarazani, kitambaa kichwani. Shufaa akasimama mbali naye. Alimpenda kuliko siku aliyoolewa.

"Baba Afroz, nipe talaka."

Dawood akainua uso. Wivu ambao hakuwahi kumwonyesha miaka ishirini na miwili ukamjaa usoni.

"Ni nani huyo?"

Shufaa alihisi pumzi ya moto shingoni, nayo ikisubiri jibu.