Kopo la Misumari

Je, umewahi kukasirika hadi ukashona mkono wa shati shingoni? Fundi cherehani mmoja alifanya hivyo, kwa sababu ya kopo la misumari.

Mumewe ni seremala mwenye presha. Iligundulika katika utafiti wa magonjwa ya moyo, ambao taasisi ya utafiti inaufanya na chuo kikuu kinachofundisha wauguzi. Alipewa vidonge vya kumeza kila siku, na kila mwezi alipimwa zahanati, akarudi akijisifu, "Namba zangu safi."

Asubuhi ya kupimwa, mkewe alitafuta msumari wa kutundikia mkasi. Chini ya misumari akakuta vidonge vya miezi mitatu. Akageuka. Mumewe alikuwa anameza kimoja kwa chai.

"Kumbe unameza siku ya kupimwa tu?"

"Mama watoto, siumwi popote. Huoni ninavyopiga randa?"

Mke akarudi kwenye cherehani kwa hasira. Akashona ule mkono shingoni, akaliacha shati palepale, akatia kopo mkobani na kumfuata.

Zahanati, muuguzi mwanafunzi alimfunga mkanda wa kupimia mkononi. "Namba nzuri, mzee."

Mke akamwaga kopo mezani. "Andika na hivi, binti. Anawadanganya ninyi na mimi."

Muuguzi hakucheka. "Mzee, presha mara nyingi haiumi. Inapanda kimyakimya, moyo unachoka, na siku moja mshipa wa kichwani unaweza kupasuka. Kidonge cha leo si cha mwezi mzima. Na sisi tumeandika kwamba dawa inakufaa. Wagonjwa wengine watatibiwa kwa uongo wako."

Seremala akainama. "Vidonge hivyo vinanipeleka chooni kila mara. Karakana haina choo. Naomba kwa jirani hadi naona haya."

"Yaani ufe kwa haya ya choo?" mke akafoka.

"Ungetuambia," muuguzi akasema. "Dawa hubadilishwa na daktari. Usiache mwenyewe."

Siku ileile daktari alimbadilishia. Vidonge vikakaa kando ya cherehani, na kila asubuhi mke alikuwa na neno moja tu: "Meza."

Baada ya miezi miwili muuguzi alikuja nyumbani bila taarifa, akapima. Namba zilikuwa safi kweli.

Alipoondoka, seremala akauliza, "Leo nitapata neno jingine?"

Mke akaweka mkasi chini. "Nililotaka kukuambia siku ile ni hili. Mashati yako nitashona hadi macho yangu yachoke. Sanda yako sishoni."