Funda la Kwanza

Chai ilikuwa imepungua. Si sana, funda moja tu, la kulowanisha ulimi. Drusilla alikuwa ameimimina mpaka ukingoni, akageuka kufunika sufuria, na aliporudi kukaa akaikuta imeshuka, ndani ya kikombe kumebaki mstari mwembamba wa utando wa maziwa pale ilipokuwa imefika. Mlango ulikuwa umefungwa. Paka wa nyumba hiyo alikufa zamani. Ilikuwa saa kumi alasiri, jua linawaka juu ya majani chai yote ya Kebirigo, saa ambayo hakuna mtu mwenye akili timamu anayeogopa kitu.

Akajiambia ni uzee, ule ule uliokwisha kumng'oa meno mawili ya mbele, akainywa.

Kesho yake ikawa vile vile. Keshokutwa ikawa uji wa asubuhi, kumechotwa kijiko kimoja katikati na alama ya kijiko ipo. Halafu maji ya kunywa. Halafu ugali, umemegwa pembeni tonge moja dogo kabla hajanawa mikono. Kila alichojiwekea mezani mama huyu, mwenzake alikuwa amekwisha kutangulia.

Ngoja nikwambie jambo moja kabla sijaendelea, la sivyo hutaelewa. Huku kwetu Gusii, anayempa mtu kinywaji hukionja kwanza, mwenyewe akimtazama. Iwe chai, iwe uji, iwe maji ya mtungi. Wageni hudhani ni ulafi. Sivyo. Ni kumwambia mwenzako kwamba kama humu mna kitu, tutakufa wawili. Mtoto hufundishwa hilo kabla hajajua kufunga vifungo vya shati.

Drusilla alilijua, na ndilo lililokuwa likimtafuna. Mumewe, Omosa, alikuwa dereva wa wakubwa huko Nairobi, na kwa miaka kumi na miwili aliyoyasikia kwenye gari aliyapeleka kwa nchi moja ya nje. Jasusi, ndiyo, sema tu. Baadaye moyo ukamsuta, akaenda kwa watu wetu akawaambia yote, majina na nyumba na saa, akastaafu akarudi Kebirigo kuchuma chai. Alidhani yamekwisha. Mwaka wa nne akaja mgeni, mtu wa heshima, mwenye kovu la moto kwenye kidole gumba, akasema waliwahi kufanya kazi pamoja. Drusilla akapika chai. Akaionja mbele ya mgeni, kama inavyotakiwa. Mgeni akatabasamu, ndipo akatoa kichupa cha asali, zawadi ya mzee, akatia mwenyewe kwenye kikombe cha Omosa.

Drusilla alionja kabla ya asali. Baada ya asali hakuonja.

Wiki tatu zilitosha. Nywele zilimtoka Omosa mafungu mafungu, kinywa kikanuka asali na chuma cha moto, mpaka akaondoka. Damu ilipelekwa ng'ambo kupimwa, jibu likarudi kwamba sumu ile haiuzwi dukani, hutengenezwa na serikali. Basi hapo moto ukawaka. Sisi tukamfukuza balozi wa nchi ile, wao wakamfukuza wetu, na wakaacha kununua chai yetu. Tume ya kuchunguza kifo cha Omosa ikaundwa Nairobi. Shahidi aliyeuona uso wa mgeni alikuwa mmoja tu, na sasa mwenzake asiyeonekana alikuwa anamnywea chai.

"Ni baba yako," alimwambia binti yake kwa simu. Valentine alikuwa muuguzi mjini Kisii, akikaa Kiogoro. "Amekuja kunidai. Anataka kunionyesha nilipaswa kufanya nini siku ile."

"Mama, kwani anakuumiza?"

"Anakunywa chai yangu, Valentine. Kila siku."

"Njoo ukae kwangu."

"Masese anasema hapa ndipo salama."

Masese ndiye afisa aliyetumwa kumlinda mpaka siku ya tume. Kijana wa watu, Mgusii wa huku huku, mpole, anapasua kuni bila kuombwa. Alilala kwenye kibanda cha langoni, na kila saa nne asubuhi aliingia kunywa chai na mama. Drusilla alimpenda kama mwanawe, nasema ukweli. Ndiyo maana aliona aibu siku Masese alipomletea maziwa ya paketi kutoka sokoni, akammiminia kwenye glasi, na glasi ikaondoka mezani yenyewe ikapasuka ukutani.

"Mama," Masese alisema kwa sauti ya chini, akitazama maziwa yakichuruzika, "hicho kitu kitakuua. Tafuta mtu akiondoe."

Mzee wa kanisa, Onchiri, alikuja kuomba mara mbili. Mara zote mbili kikombe cha Onchiri kilibaki kimejaa, cha Drusilla kikapungua. Mama akazidi kuogopa. Kumbe ananitaka mimi peke yangu, alijisemea. Na hofu ikishaingia haikai mlangoni. Alianza kusikia koo likimeza, gluu, polepole, nyuma ya bega lake, na harufu ile ya asali na chuma ikawa inafika kabla ya sauti, inapanda kutoka chini ya meza, inapita kwenye kitambaa, inamkaa puani hata akiwa shambani katikati ya majani mabichi, hata Jumamosi kanisani wimbo unaimbwa, mpaka akaacha kula mbele ya watu, akawa anakula amesimama, harakaharaka, amefunika sahani kwa mkono, na bado akiondoa mkono anakuta tonge la kwanza halipo.

Zikiwa zimebaki siku nne aende Nairobi, Masese alimtia kwenye gari la kazi akampeleka Kenyenya kwa Nyakerario, mwanamke anayezungumza na wafu. Mwadventista kwa mwaguzi! Alijifunika leso mpaka machoni. Nyakerario alikubali kuja Kebirigo Jumapili mchana.

Alikuwa mama mnene, asiye na haraka. Aliitisha kikombe cha bati cha Omosa, akakijaza chai, akafukiza majani kwenye kigae.

"Wengi hutaka nimuulize kwanza anataka nini," alisema.

"Usimuulize," Drusilla alijibu. "Najua anachotaka. Mfukuze."

"Mama, nikimfukuza bila kumsikiliza, harudi tena. Umeelewa?"

"Ndicho ninachotaka."

Aliogopa kusikia. Angesikia nini, zaidi ya kwamba wewe ndiye uliyeniachia nikanywa? Mbona hata mimi ningeogopa.

Nyakerario akaanza kunong'ona, moshi ukaja mezani ukakaa, haupandi wala hautawanyiki, na kabatini vikombe vikaanza kugongana, kwanza kimoja, kisha viwili, kisha vyote, na chini ya kelele hiyo likasikika koo likimeza, likimeza, likimeza, kama la mtu anayejaribu kuimaliza chai yote ya nyumba ile kabla hajatolewa, mpaka mganga akakishika kikombe cha bati kwa mikono miwili, akatoka nacho mbio, akateremka mpaka kijitoni kwenye mpaka wa shamba, akakifudikiza kwenye tope na kukikanyaga.

Kimya. Alirudi jasho linamtoka.

"Amekwenda," alisema. "Lakini hakutaka. Alinishika mkono akinisihi." Akakataa kula, akakataa hata maji.

Jumatatu saa nne asubuhi Masese alimimina chai yeye mwenyewe. Akaionja, mama akimtazama. Kisha akakikoroga kikombe cha mama kwa kijiko chake, akakiweka mbele yake. Wote wawili wakakaa wakikikodolea macho.

Hakikupungua. Kilikaa pale kimejaa mpaka ukingoni, kimya kabisa.

Drusilla alilia kwa furaha. Alikinywa chote.

"Amekwenda, Valentine," alisema kwa simu jioni ile. "Leo nimekunywa kikombe kizima, cha kwangu mwenyewe. Tena kilikuwa kitamu, na sikutia hata sukari. Ni furaha tu."

Valentine alikuwa anafua. Aliacha nguo kwenye maji. "Nani alimimina, Mama?"

"Masese."

Alifika Kebirigo usiku huo huo na gari la kukodi, akamkuta mama anatapika. Masese hakuwepo kibandani. Jumanne nywele zilikuwa zimejaa kwenye mto; safari hii sumu haikungoja wiki tatu. Siku ya tume Drusilla hakwenda popote; alikuwa amelala kitandani hospitalini mjini Kisii, mkono wake ndani ya mikono ya binti yake, na kinywa chake kikinuka harufu ambayo Valentine aliijua.

"Alikuwa ananionjea," alisema. Machozi yalikuwa yanateremka mpaka masikioni. "Baba yako alikuwa ananionjea tu. Na mimi nikamfukuza kama mbwa."

"Usiseme hivyo, Mama."

"Ungemsikia alivyong'ang'ania. Andika, Valentine. Andika kabla sijachoka. Kidole gumba, cha mkono wa kushoto." Akaueleza uso wote wa yule mgeni wa asali, nyusi, meno, na jinsi alivyoshika kijiko. Valentine aliandika nyuma ya karatasi ya dawa, akimsomea kila mstari, naye akatia sahihi. Ijumaa alfajiri mama aliaga dunia.

Taarifa ilitoka haraka: vidonda vya tumbo. Wiki hiyo hiyo nchi mbili zilitangaza kwamba zimesahau yaliyopita, mabalozi wanarudi, chai itanunuliwa. Majirani walikuja matangani na nyuso mbili, moja ya msiba na nyingine unaijua. Siwalaumu sana, watoto wanakula chai hiyo. Karatasi ya dawa hakuna aliyeiulizia, maana hakuna aliyejua ipo. Valentine alikuwa ameishona ndani ya upindo wa gauni lake jeusi, na safari ya Nairobi alikuwa ameipanga siku ya pili baada ya mazishi. Hiyo safari tu ndiyo majirani walioisikia, nao hawakuinyamazia.

Mchana wa mwisho wa matanga, nje watu wanaimba, Masese aliingia na chupa ya chai. Alikuwa amevaa suti. Akakaa pale alipokuwa akikaa siku zote.

"Mama yako alikuwa mama yangu," alisema taratibu. "Niliitwa Nairobi ghafla, sikuwa na namna. Hujala tangu juzi, dada. Kunywa kidogo." Alimimina kikombe kimoja, akaonja, akaingiza kijiko, akakoroga, akamsogezea.

Valentine alikitazama. Hakukigusa. Akiwa anakitazama, chai ikashuka, funda moja, ukabaki mstari mwembamba wa utando wa maziwa, na kwenye ukingo wa kikombe ikabaki alama ya mdomo, ya mwanamke mzee asiye na meno mawili ya mbele.

Alitaka kuita jina la mama yake. Hakuliita. Alikishika kikombe kwa kishikio, akakigeuza taratibu, akakisukuma kuvuka meza mpaka mbele ya Masese.

"Kwetu anayemimina huonja," alisema. "Wewe ni Mgusii, hujasahau."

"Si nimeonja, dada. Umeniona."

"Ulionja kabla ya kijiko. Onja sasa."

Masese alicheka kidogo. Akainamisha macho kwenye kikombe, na kicheko kikamkauka, kwa sababu hakuna aliyekuwa amekigusa na chai ilikuwa inapanda, polepole, inaufunika ule mstari wa utando, mpaka funda lililokuwa limetoka likarudi lote na kikombe kikajaa mpaka ukingoni mbele yake.

"Kunywa," Valentine alimwambia. "Wewe hakuna wa kukuonjea."