Tembo wa Alama Hamsini na Nane

Maziwa yalikuwa yakiganda saa saba mchana, kila siku, bila kukosa. Paskazia, mpishi wa nyumba ile kwa miaka kumi na sita, aliyachemsha asubuhi na kuyafunika vizuri, na jua lilipofika utosini aliyakuta yameganda na yananuka plastiki iliyoungua. Alibadilisha sufuria. Akabadilisha muuza maziwa, na yule wa kwanza akamtukana bure, maskini wa watu. Harufu ilibaki ile ile.

Mwenye nyumba, Umesh, alipoambiwa alisema wanunue maziwa ya unga. Ndivyo alivyokuwa. Alikuwa na duka la vipuri vya baiskeli katikati ya mji wa Shinyanga, na alijiona msomi kwa sababu alipokea kwa posta gazeti la wakusanya sarafu kutoka ng'ambo. Sarafu ndicho kitu pekee alichodai kukijua. Tuseme kweli, hata hizo hakuzijua. Alijua namba zilizobandikwa juu yake.

Babu yake, mzee Velji, alikuwa amemwachia sarafu sita za kale. Tano zilikuwa za fedha, na moja ya dhahabu, yenye tembo, iliyogongwa na Wajerumani pale Tabora walipobanwa na Vita vya Kwanza vya Dunia. Velji alipewa na fundi mmoja wa karakana ya reli ambaye alimsihi aichukue na asije akamrudishia. Mzee hakuuliza sababu. Ila kila mwaka, siku mbili kabla ya Diwali, familia ilipoosha mali yake kwa maziwa kama wafanyavyo Wagujarati, tembo yule ndiye aliyeoshwa wa kwanza, na mwoshaji alikuwa Kantaben, mke wa mwanawe, ambaye ni mama yake Umesh.

Kantaben alimwosha tembo miaka thelathini na minane. Halafu mwaka 1995 Umesh akasoma kwamba Marekani kuna kampuni zinazoitazama sarafu, kuipa alama kati ya sabini, na kuifungia ndani ya kikasha cha plastiki ngumu kisichofunguka mpaka kivunjwe. Akazipeleka zote sita. Tembo akarudi na alama hamsini na nane. Diwali ilipofika mama akauliza ataioshaje, na mwanawe akacheka.

"Mama, wewe ndiye uliyeiharibu. Kuosha kunaikwaruza. Usingeiosha ingepata sitini na kitu."

Kantaben alimimina maziwa juu ya kikasha, yakateremka pembeni hadi kwenye sinia, wala tone halikuingia. Diwali iliyofuata alifanya vile vile. Wiki moja baadaye maziwa ya jikoni yakaanza kuganda.

Siku moja mchana Paskazia alikuwa anapangusa kabati la sebuleni, akaona kikasha cha tembo kimeingia ukungu. Akakifuta, ukungu haukutoka. Ulikuwa upande wa ndani. Ukapungua wenyewe, ukarudi, ukapungua, kwa mwendo wa mtu aliyelala usingizi mzito, na Paskazia akajikuta anapumua kwa kufuata mwendo ule ule.

"Bosi, njoo uone. Humu ndani kuna kitu kinapumua."

Umesh alikuja na lenzi yake. Aliona ukungu, akaogopa, na alichokihofia ni dhahabu isije ikapata madoa.

"Hiki kikasha ni kibovu," alisema. "Itabidi nizihamishe."

Hapo ndipo yalipoanza majuma matatu ya upuuzi mtupu. Kulikuwa na kampuni ya pili, yenye vikasha bora na sifa kubwa zaidi, ambayo ingevunja vikasha vya zamani na kuzifungia sarafu upya. Lakini kampuni ile ilikuwa na macho makali. Je, wakiiona mikwaruzo ya maziwa? Wakishusha hadi hamsini na tano? Na wasipoiona, wakipandisha? Umesh alikula akiwaza hayo, akaoga akiwaza hayo, na mezani aliyasema kwa sauti mbele ya mama yake aliyekuwa ameanza kukosa pumzi.

Hali hiyo ilimshika saa saba ile ile, wakati maduka yamefungwa kwa chakula cha mchana na barabara imebaki ya mbuzi. Kantaben alikaa kwenye kiti chake karibu na dirisha, kifua kikapanda bila kushuka, midomo ikageuka rangi ya zambarau. Daktari alimpima mara mbili, akasema mapafu ni mazima. Paskazia alifungua madirisha yote, mapazia yakapepea, na nywele zake mwenyewe zikapepea, lakini hata unywele mmoja wa Kantaben haukutikisika. Na alipoupeleka mkono usoni kwake ili ampepee, ukakuta kitu laini na cha baridi, kisichoonekana, kimesimama kati yake na yule mama, na harufu ya plastiki iliyoungua ikamjaa puani, na ndani ya harufu ile ikatoka sauti ya kiume, ya Kiswahili cha kale cha watu wa Tabora, ikitamka taratibu kwa mdomo wa Kantaben ambaye macho yake yalikuwa yakimwomba Paskazia msaada:

"Nani kampa mtu kazi ya kunipima? Hamsini na nane. Mimi."

Kesho yake alfajiri Paskazia alikwenda Ibadakuli, ng'ambo ya uwanja wa ndege, akarudi na Mageni. Huyu alikuwa mfumu, yaani mganga, mama wa miaka sabini hivi, mwenye kanga mbili na viatu vya mpira. Umesh alimpokea mlangoni akasema, "Habari." Mageni akangoja shikamoo. Haikuja. Akaingia.

Hakupiga ngoma wala kuchoma kitu. Alikitazama kikasha cha tembo kwa muda mfupi, kisha akamtazama Kantaben kwa muda mrefu.

"Ng'wanawane, mwanangu," alimwambia Paskazia, "lete nyundo na maziwa. Ni jambo dogo. Huyu jini wa sarafu alikuwa na nyumba yake, akilishwa. Wamemfungia nje ya chakula. Anavunjiwa, anaoshwa, anatulia. Mwenye mali avunje kwa mkono wake."

Paskazia akaleta nyundo kutoka dukani. Umesh akaishika, akaitazama, akaiweka mezani.

"Nikivunja, alama inapotea," alisema.

"Alama ya nani?" Mageni aliuliza.

"Ya sarafu. Mama, wewe huelewi mambo haya. Ikitoka humu haitambuliki tena. Nitaanza upya."

"Na huyu?" Mageni alimwonyesha Kantaben kwa kidevu.

"Mama ana pumu."

"Sina pumu," Kantaben alisema polepole. "Umesh, vunja tu. Ni plastiki."

Umesh akasema watu wampe nafasi afikiri. Mageni alijifunga kanga yake vizuri. Hakukasirika, alionekana amechoka na watu wa aina ile.

"Fikiri basi. Lakini asifunguliwe na mgeni, na asifunguliwe pakavu. Akitoka hana maziwa, atatafuta kiti, na kiti cha jini ni mtu. Atakwenda kwa mkono anaoujua."

Umesh alifikiri kweli, na akili yake ikamletea jambo alilolipenda sana. Wale wa kampuni ya pili si lazima wavunje kikasha? Basi jini litatokea huko huko, liwasumbue Wamarekani, na sarafu irudi safi, pengine na alama kubwa zaidi. Alimnong'oneza Paskazia mpango huo akitabasamu.

"Bosi, yule mama amesema mkono anaoujua."

"Marekani ni mbali, Paskazia. Litapanda ndege?"

Juma lile lile Imran, rafiki yake anayenunua dhahabu Kalangalala kule Geita, alikuwa anasafiri kwenda kwa dada yake Marekani. Akaondoka na sarafu zote sita.

Kantaben alizidiwa majuma manne. Kila mchana Paskazia alimshika mkono, kwa kuwa mikono bado ilishikika, na mama yule alimsimulia kwa vipande vipande vya pumzi namna ya kuyapasha maziwa yawe vuguvugu, na kwamba masikio ya tembo ndiyo yanayoshika uchafu. Halafu Alhamisi moja, saa saba mchana, alivuta pumzi moja ndefu, ndefu kupita kifua chake, akainuka kitini bila kushika kitu chochote. Maziwa hayakuganda siku ile.

Umesh alitamba duka zima. Alisema amemshinda mganga kwa akili. Alimwona mama yake anatembea, anakula, hakohoi, na hakutaka kuona zaidi ya hapo. Paskazia aliona. Aliona kwamba katika joto la Februari Kantaben hatoki jasho. Makunyanzi yalitoweka shingoni mwake, ngozi ikabaki laini na yenye kung'aa, na mchana mmoja nzi alitua shavuni akateleza hadi kidevuni, akajaribu tena kutua na tena akateleza, na Kantaben alikuwa amekaa wima akimtazama Paskazia bila kupepesa, anatabasamu, na kifua chake, ambacho Paskazia alikingojea kwa muda wa kupika wali, hakikupanda wala hakikushuka.

Lakini nani alimwuliza Paskazia.

Imran aliporudi, Umesh alifungua kifurushi pale pale dukani. Sitini na moja. Wale wenye macho makali hawakuona mkwaruzo hata mmoja. Alikimbia hadi nyumbani, nyuma ya duka, akamkuta mama yake mezani, akamwekea kikasha kipya mbele ya sahani.

Kantaben hakukigusa.

"Nyumba tupu," alisema, kwa sauti ya kiume ya Tabora.

Umesh alikisogeza kikasha kando.

"Mama yangu yuko wapi?"

"Yumo humu. Nimemfunga vizuri. Hakwaruziki."

"Toka. Nitakuosha mimi mwenyewe. Kila siku, kwa maziwa."

"Kunitoa ni kuvunja." Jini liligonga kifua cha Kantaben kwa kidole, kikalia kikavu. "Plastiki ilikushinda. Utaweza hiki?"

Kisha ikasikika sauti nyingine, ndogo, ya Kigujarati, kwa mbali sana ingawa ilitoka kwenye mdomo ule ule, na ilikuwa ya Kantaben mwenyewe.

"Umesh. Vunja, mwanangu."

Paskazia alileta nyundo, maana hakujua la kufanya zaidi ya kuileta. Umesh aliishika kwa mikono miwili. Akamtazama mama yake kifuani. Akageuka, akakipiga kikasha cha tembo. Alikipiga mara tatu. Plastiki ikapasuka, lebo ya sitini na moja ikaruka, nyundo ikambonyeza tembo mgongoni, na sarafu ikaanguka sakafuni. Umesh alipiga magoti akaimiminia jagi zima la maziwa, akaisugua kwa kidole gumba, masikio, mkonga, miguu, huku analia na kuomba radhi. Ilikuwa dhahabu tu. Hapakuwa na mtu ndani yake.

Jini lilimtazama mpaka lilipochoka.

"Paskazia," likasema, kwa sauti nzuri kabisa ya Kantaben, "mwambie huyu afute sakafu."