Mawe ya Mpaka Vihingo

Maiti ililala kifudifudi kando ya barabara ya Morogoro, karibu na kituo cha basi cha Kwa Mathias. Ilikuwa Jumatatu asubuhi, mwaka 1980. Wachuuzi walikuwa wameifunika kwa majani ya mgomba, nao wamesimama kando wakinong'ona.

"Gari limemgonga, afande," alisema Koplo Mbaraka. "Miguu yote miwili imevunjika."

Inspekta Efrazia alisogea karibu na maiti. Kibaha nzima ilimjua: mwanamke mrefu wa Kihaya, mwenye sauti ya chini na macho yasiyo na haraka. Alichuchumaa, akafunua majani.

"Damu iko wapi, Mbaraka?"

Koplo akaikagua lami huku na huko. "Siioni, afande."

"Gari livunje mtu miguu, lisimwage hata tone?" Akashika kiatu cha marehemu. Soli ilikuwa imegandwa na udongo mweupe kama unga wa muhogo. "Na huu? Hapa kwetu kuna mchanga mwekundu mtupu."

Muuza maandazi mmoja alimtambua marehemu. Aliitwa Bernard, kijana mpima ardhi aliyepanga chumba jirani na kituo. Hakuwa na ugomvi na mtu.

Adhuhuri daktari alimaliza kuipasua maiti hospitalini. "Alipigwa kisogoni kwa chuma kizito," alisema akinawa mikono. "Alikufa jana alasiri. Miguu ilivunjwa akiwa maiti tayari."

"Jana Jumapili," alisema Efrazia, akatabasamu bila furaha.

Mbaraka naye akaelewa. Siku hizo mafuta yalikuwa adimu, na serikali ilipiga marufuku magari kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana mpaka Jumatatu alfajiri. Asiye na kibali hakuthubutu. Aliyeitupa maiti barabarani alitaka polisi waamini kwamba imegongwa na gari, siku ambayo barabara ilikuwa tupu kama uwanja baada ya mechi.

Walipotoka hospitali, mkuu wa polisi wa wilaya alimwita Efrazia ofisini kwake.

"Bwana Laurean amenipigia simu kutoka Dar," alisema mkuu akipapasa masharubu. Laurean alikuwa mkurugenzi wa shirika moja la umma, mtu wa kuogopwa. "Anasema ajali ndogo isikuzwe."

"Yeye maiti hii inamhusu nini, mzee?"

Mkuu aliisukuma simu kando. "Hata mimi nimejiuliza. Haya, fanya kazi yako. Lakini ukikosea, mimi na wewe tutakwenda kulima."

Efrazia alianzia kizuizi cha polisi cha Mlandizi. Askari wa zamu hakuhitaji kufikiri.

"Jana jioni lilipita gari moja tu, afande. Land Rover ya ofisi ya ardhi. Ilikuwa na kibali."

"Nani aliendesha?"

"Bwana Silvanus mwenyewe, afisa ardhi. Nilishangaa. Siku zote huwa na dereva."

"Ilitokea upande gani?"

"Njia ya Kisarawe. Matairi meupe pepepe."

Njia hiyo ya vumbi iliwafikisha Vihingo, kijiji cha mihogo na mikorosho kilichopakana na msitu. Kwenye bonde moja kulikuwa na shimo ambamo wanakijiji walichimba chokaa ya kupaka nyumba zao. Udongo wake ulikuwa mweupe kama unga wa muhogo.

Mzee mmoja wa kike aliyekuwa akipalilia shamba la kijiji aliinua mgongo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mmemleta Bernard?"

Efrazia alimsogelea. "Kwa nini unamuuliza, bibi?"

Bibi huyo, Mwanaasha, alieleza bila kuzunguka. Tangu Bernard aje kupima kijiji, alikuwa akila kwake. Wiki iliyotangulia mawe ya mpaka yalikutwa yamehamishwa, nusu ya shamba la kijiji ikabaki nje. Bernard alikasirika sana. Jumapili akaja kwa miguu, mtaimbo begani, kuyarudisha mahali pake.

"Jioni nikasikia gari likinguruma bondeni, limezama topeni. Tukaenda kulisukuma, mimi na wakwe zangu. Nikamwona Bernard amelala nyuma, kafunikwa koti usoni. Nikamuuliza yule bwana, mwenzio vipi? Akanijibu, amelewa." Mwanaasha alitikisa kichwa. "Bernard hanywi hata togwa, mwanangu. Nikajisemea, kulikoni leo? Lakini mtu mkubwa akishasema, sisi tutasema nini?"

"Leo utasema wewe, bibi," alijibu Efrazia.

Mbaraka aliingia shimoni, akarudi ameshika mtaimbo kwa kitambaa. Kwenye ncha yake palikuwa na nywele na damu iliyokauka. Alasiri hiyo waliikagua Land Rover. Mtu alikuwa ameiosha kwa maji mengi, lakini chini ya kiti cha nyuma tope jeupe lilikuwa limechanganyika na damu.

Silvanus aliletwa kituoni akiwa na suti ya Kaunda iliyopigwa pasi, kalamu tatu mfukoni.

"Jumapili alasiri ulikuwa wapi?"

"Nyumbani. Nilikuwa na homa."

"Homa iliyokupeleka Vihingo?"

"Sijafika Vihingo mwezi mzima."

"Mlandizi ulipita."

"Labda dereva wangu alipita."

"Dereva wako alikuwa msibani Rufiji. Imekwisha kuthibitishwa."

"Inspekta, unajua nina marafiki?"

"Mmoja amekwisha kupiga simu. Ndiye aliyenifanya nitembee haraka."

Akafungua mlango. Mwanaasha aliingia taratibu, akamtazama Silvanus kutoka viatuni hadi usoni.

"Ndiye huyu," alisema. "Nilikusukumia gari, baba. Kumbe nilikuwa namsukuma mwanangu kwenda kutupwa kama mzoga."

Midomo ya Silvanus ilicheza. Akamkwepa bibi macho, akayakuta ya Efrazia. Mabega yakaanguka.

"Mji umejaa," alisema kwa sauti ya mtu aliyechoka. "Wakubwa wanataka mashamba. Azimio linawakataza viongozi kujilimbikizia mali, kwa hiyo wanaandikisha kwa majina ya wake na mashemeji. Laurean alinijengea nyumba nzima, nami nikamwahidi bonde lote la Vihingo. Nikayahamisha mawe mwenyewe. Bernard akasema atakwenda kunishitaki kwenye mkutano wa kijiji."

"Ukamfuata."

"Nilimsihi. Nilimwambia nitampa kiwanja. Akacheka. Akaniambia, 'Hawa wameninywesha maji yao, mzee, nitawauzaje?' Akaniachia mtaimbo akainama kunyanyua jiwe..." Alifunika uso. "Nikampiga."

Mbaraka alikuwa akiandika. Kalamu yake ilisimama kwanza, kisha ikaendelea.

Kesho yake Efrazia aliingia ofisi ya mkurugenzi jijini bila kubisha hodi, mkuu wa polisi wa wilaya akiwa nyuma yake ameshika hati ya kukamata.

Laurean alisimama nyuma ya meza yake pana. "Wewe mwanamke, unajua mimi ni nani?"

"Najua. Ndiyo maana sikumtuma koplo."

Pingu zililia. Makarani walitoka maofisini wakajipanga ukumbini, na mmoja wao akaanza kupiga makofi. Wengine wakaungana naye, mpaka Laurean akashuka ngazi zote kati ya vifijo visivyo vyake.

Mahakama Kuu ilimhukumu Silvanus kunyongwa. Laurean alipewa kifungo kirefu, na kila shamba alilolificha kwa jina la shemeji likarudi kwa wenyewe.

Mvua za masika zilipoanza, Efrazia alialikwa Vihingo. Mpima mpya alikuwa amekamilisha kazi, na bonde lote lilikuwa ndani ya mipaka ya kijiji. Wanawake walipiga vigelegele mpaka ndege wakaruka msituni. Mwanaasha alimpa jembe la mpini mpya na mche wa muhogo.

"Anza wewe, mwanangu. Sisi tutakufuata."

Inspekta alivua viatu, akakunja suruali ya kazi, akalipiga jembe ardhini.