Kofia Iliyofumuliwa

Sokoni Malindi, mwaka ule wa 1912, watu walijazana hata kivuli kikakosa pa kuangukia. Nazmin, binti wa muuza vitambaa, akapitia dukani kwa Bhikhubhai na buibui lake la hariri, akakanyaga mchoro wa chaki sakafuni. Anil, mpwa wa mwenye duka, aliyerudi juzi kutoka kusoma hesabu Bombay, akapiga yowe.

"Umenikanyagia mstari!"

"Mstari wenyewe umejikanyaga," Nazmin akamjibu, akionyesha pale ulipojikata.

Anil akacheka. "Hapo ndipo penye ukorofi. Nukta moja imebebeshwa njia mbili. Dawa yake, katika hesabu zetu, ni kuipuliza ile nukta, ivimbe kama andazi, hata kila njia ipate upande wake wa kupita."

"Na ikikaidi?"

"Unapuliza tena, mpenzi. Na tena."

"Mpenzi wa nani, wewe?"

Lakini mwezi haukuandama mara mbili, Nazmin akampelekea kofia aliyomshonea kwa mkono wake. Malindi nzima yajua: mwanamke akikushonea kofia, amekwisha kusema. Ukiifumua, umemkataa. Nzima, isipokuwa Anil. Yeye aliona maua ya kofia, nyuzi zimekatana, akashika sindano akafumua yote.

Habari zikamfikia Nazmin kabla uzi haujagusa chini. Alilia, leso ikakamuliwa kama nguo ya kufuliwa.

"Afadhali," baba yake akasema. "Banyani yule! Ijumaa nakuoza kwa binamu yako wa Lamu."

Alhamisi, Anil akaingia dukani kwao, vidole vimetobolewa na sindano. "Nazmin, hebu tazama."

Kofia ilikuwa imeshonwa upya. Ukiitazama kwa juu, maua yale yale. Ukiitazama ubavuni, kila palipokatana nyuzi mbili, mmoja umeinuliwa, umepita kama daraja, wala haumgusi mwenziwe.

"Kwingine kulikubali mara moja," Anil akasema. "Penye ncha kali ilinibidi nirudie, nirudie tena."

"Mjinga we! Kofia ikifumuliwa ni kukataliwa, hukuambiwa?"

"Sikuambiwa, roho yangu. Mimi nilitaka nyuzi zako zisibanane tu."

Nazmin akaipokea, akamvisha palepale, wateja wakitazama.

"Ukitoka mlango huo na mtu huyo," baba akanguruma, "usirudi!"

"Basi ufunge vizuri, baba. Leo upepo mwingi."

Wakatoka mchana kweupe, mkono kwa mkono, wakaishika njia ya Kilifi.