Folda Iliyofutwa Redioni

Kila Jumatano baada ya masomo, Samira na rafiki yake Rosette walikwenda kwenye redio ndogo ya mji wa Baraka kuandaa kipindi cha watoto. Shuleni walikaa dawati moja, na hata muhogo wa kuchoma waligawana. Mama Constance, mkuu wa redio, alimpa Samira peke yake neno la siri la kompyuta. Samira naye akampa Rosette, maana hakujua kumficha rafiki yake kitu.

Kompyuta hiyo ya Linux ilikuwa mpya, ya biti 64, lakini ndani yake ilikaa programu moja ya zamani ya biti 32. Ndiyo pekee iliyofungua sauti za watu waliopotezana kwa vita, zilizorekodiwa kwa mashine za zamani huko kando ya ziwa. Iliegemea mafaili yake yenyewe ya zamani, yaitwayo maktaba. Maktaba mpya hazikuifaa hata kidogo.

Jumatano moja mtumbwi ulileta flashi yenye sauti kutoka kijiji cha Kazimia. Faili moja lilikuwa na jina la baba yake Samira! Tangu mapigano yafunge barabara, hakuna aliyejua kama yu hai. Samira alibofya, programu ikakataa. Akabofya tena, wapi!

"Nani aligusa hii mashine?" aliuliza Mama Constance.

Rosette aliinamisha kichwa. "Mi sijui, mama. Ni Samira peke yake iko na neno ya siri."

Samira alihisi kama amepigwa kofi. Rosette, wa dawati moja! Kweli, kikulacho ki nguoni mwako. Alifungua kinywa ajitetee.

"Pengine mashine ya mupya inakataa tu vitu vya zamani," Rosette akaongeza haraka.

Fundi Placide, aliyekuwa akikagua kompyuta, alitikisa kichwa. "Hapana, mutoto. Maktaba za zamani na za mupya zinakaa pamoja bila shida, kila moja mu folda yake. Lakini ya zamani haiko. Muntu aliifuta, akaweka nyimbo."

Akafungua wimbo mmoja. Kwaya ikaimba, na juu ya kwaya nzima ikasikika sauti ya Rosette, inayojulikana mtaa mzima.

Rosette akaangua kilio. "Nafasi ilijaa. Nilizani ile folda haina kazi. Unisamehe, Samira."

Samira alimgeuzia mgongo. Alimchukia, na kumchukia kulimuuma.

Placide alikuwa na nakala ya maktaba za zamani kwenye flashi. Alizirudisha bila kugusa zile mpya, na programu ikafunguka.

"Samira, mwanangu, mi niko muzima," baba alisema. "Niko Kazimia, kwa rafiki yangu Nasoro. Uambie mama asilie."

Samira mwenyewe ndiye aliyelia. Alipotulia, Mama Constance aliwasogeza wasichana wote wawili karibu naye.

"Samira, neno ya siri nilikupa we, si rafiki yako. Na we Rosette, kufuta folda ni kosa, lakini Placide ameitengeneza. Ile ya kumutupia mwenzako kosa, hakuna flashi ya kuitengeneza. Utaitengeneza mwenyewe, pole pole, kwa kusema kweli kila siku, mpaka siku Samira atakuamini tena. Na kama hataki, usimulaumu."